Binti yetu ni finalisti, mjomba anataka Politekiniki, baba anataka udaktari: tufanyeje?

SWALI

Jambo sana washauri wetu,

Mimi ni mama wa watoto watano, tunakaa Katuba hapa Lubumbashi. Ninauza unga na mafuta sokoni, baba yao ni shofa. Binti yetu mkubwa ni finalisti mwaka huu, yaani yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, opsioni (mchepuo) ya kemia-biolojia. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu, kwa hiyo mambo haya tunayaona kwa mbali.

Shida ilianza pale kaka yangu, anayefanya kazi katika kampuni ya madini huko Kolwezi, aliposema atalipa masomo yote ya mpwa wake, ila aingie Politekiniki, fakulte ya uhandisi, ili kesho naye apate kazi katika mine. Baba yake akakataa: mtoto mwenye akili ya biolojia asomee udaktari. Mtoto mwenyewe siku moja alisema agronomia, siku nyingine ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, kazi za maabara. Tangu wakubwa waanze kubishana mbele yake, amenyamaza. Ukimuuliza anajibu, "Mtakavyo ninyi." Kwenye buletini, ile ripoti ya alama, kemia na biolojia anapita 70 kwa 100. Hesabu inazunguka kwenye 50, na periode (kipindi cha alama) ya pili iliandikwa kwa wino mwekundu.

Majirani wengine wanasema tungoje Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwanza, wengine wanasema tumeshachelewa. Naomba mnieleze kazi ya mzazi hapa ni ipi hasa, tuanze lini, tujiandae na pesa gani, na kaka yangu nimwambieje bila kumvunjia heshima. Na kama mtoto atapata asilimia ndogo, 52 au 53, tumrudishe darasani?

Mama wa finalisti, Katuba

JIBU

Mama mpendwa,

Msingoje Exétat. Hamjachelewa, lakini mkingoja mpaka matokeo yatoke, mtachelewa kweli. Kati ya siku ambayo matokeo yanatangazwa na siku ambayo vyuo vinafunga maandikisho kuna wiki chache tu, na katika wiki hizo kila familia inatafuta karatasi, pesa na uamuzi kwa wakati mmoja. Nyumba ambayo haijazungumza mapema huishia kuchagua fakulte kwa sauti ya mkubwa mmoja, au kwa sababu foleni ya upande ule ilikuwa fupi. Mtihani ni kazi ya binti. Kazi yenu ninyi wazazi ni karatasi, hesabu ya pesa, na utulivu wa nyumba. Ukishika hayo matatu hujamfanyia kidogo, hata kama hukuwahi kuketi kwenye benchi la chuo kikuu.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazoharibika kimyakimya. Shule hutuma orodha ya wagombea wa Exétat miezi mingi kabla ya mtihani: jina, postnomu, prenomu, jinsia, mahali na tarehe ya kuzaliwa, opsioni. Kilichoandikwa pale ndicho kitakachochapwa kwenye diploma ya taifa. Makosa tunayoyaona mara nyingi ni herufi moja kuanguka, postnomu na prenomu kubadilishana nafasi, au tarehe inayolingana na buletini lakini hailingani na cheti cha kuzaliwa. Kosa likionekana kabla orodha haijaondoka shuleni, linasahihishwa kwa kalamu ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Likionekana kwenye diploma, ni barua, safari na ofisi nyingi, na wakati huo huo chuo kinasema jina la diploma na jina la buletini si mtu mmoja. Kwa hiyo nenda shuleni wiki hii ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, omba kuona jinsi binti alivyoandikwa, na msome pamoja herufi kwa herufi. Kama orodha imeshaondoka, uliza hata hivyo: shule inajua kama kuna muda wa kusahihisha. Atakapopewa kodi yake ya mgombea, yaani namba yake ya tarakimu 14, iandikeni mahali pawili tofauti. Ndiyo inayotumika kutafuta matokeo kwa simu.

Vyuo vingi huomba karatasi zilezile: kopi ya diploma ya taifa au atestasio ya kufaulu (hati ya muda kabla diploma haijatoka), buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya cha daktari, na picha ndogo za pasipoti. Usizitafute zote kwa mara moja. Buletini na cheti cha kuzaliwa tafuteni sasa, kwa sababu shuleni na kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, vinachelewa, na wakati wa likizo ofisi ya shule inaweza kuwa imefungwa. Cheti cha afya na cha mwenendo vingoje mpaka karibu na kuandikisha, kwa kuwa chuo kinataka vya karibuni na mtalipa mara mbili bure. Kama mna deni la minervali, ada ya shule, lipeni kabla ya Juni. Deni dogo lina nguvu ya kuifungia buletini kabatini wakati ambapo mtaihitaji kuliko kitu kingine chote.

Diploma yenyewe inaweza kuchukua muda mrefu kufika, kwa hiyo atestasio ndiyo itakayomfungulia mlango. Msiitie plastiki ya kubandikwa kwa mashine. Watu wengi hufanya hivyo kwa upendo, ili isichakae, kisha ofisi inakataa kupiga muhuri juu ya plastiki, na moto wa mashine unaweza kufuta wino. Iwekeni kwenye bahasha ngumu, mtoe kopi kadhaa na kuzihalalisha kwenye komini, na ile ya asili isitoke nyumbani ila kwa kuonyeshwa tu.

Sasa mabishano yenyewe. Kabla ya kusikiliza mjomba au baba, sikilizeni buletini. Msitazame jumla peke yake. Tazameni masomo manne, hesabu, fizikia, kemia na biolojia, kwa miaka miwili, periode kwa periode, na muone kama alama inapanda, imesimama au inashuka. Politekiniki ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni shule ngumu ya hesabu na fizikia, inayojulikana kwa mwaka wake wa maandalizi, na ushindani wa kuingia si mdogo. Wanafunzi waliotoka opsioni ya hesabu-fizikia wanafika pale na saa nyingi zaidi za hesabu kichwani kuliko yule wa kemia-biolojia. Binti mwenye 50 ya hesabu anaweza kuingia, lakini atalazimika kujaza pengo hilo huku masomo mapya yakikimbia, na hapo ndipo wengi wanapoanguka mwaka wa kwanza. Hatusemi kwamba hana akili. Tunasema msingi wake umejengwa upande mwingine.

Udaktari uko karibu zaidi na opsioni yake. Lakini mwambie baba mambo mawili. Kwanza, fakulte ya udaktari inaweza kudai zaidi ya ile 50 kwa 100 ya kupita, au kuweka mtihani wa kuingia. Pili, miaka yake haipungui sita, na ile ya mwisho ni ya hospitalini, ambako mwanafunzi hana nafasi ya kufanya kibarua kidogo cha kujisaidia. Nyumba yenye watoto wengine wanne nyuma ya huyu lazima iweke hesabu hiyo mezani kabla ya kusema "daktari".

Na hapa tunamtetea binti, Mama, kwa sababu agronomia na maabara havipingani sana kama mnavyodhani, wala havikimbii mine. Kampuni za shaba na kobalti hazijazwi na wahandisi wa kuchimba peke yao. Madini yanasagwa, yanayeyushwa kwa asidi, shaba inatolewa kwa umeme, na katika kila hatua kuna mtu wa maabara anayepima sampuli usiku na mchana. Huyo ni mtu wa kemia. Kuna watu wa jiolojia, wa mazingira, wa maji. Fakulte ya Sayansi ina kemia na jiolojia. Metalurjia iko Politekiniki, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mapenzi yake ya kemia na ndoto ya mjomba vingeweza kukutana, kama hesabu itapanda. Hata agronomia hapa Lubumbashi inahusu madini: udongo uliochafuliwa na shaba karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyusha umechunguzwa kwa miaka mingi na wana-agronomia wa chuo kikuu, wakitafuta mimea inayoweza kuota pale. Kuhusu ISTM, jueni kwamba maabara yake ni ya tiba: damu, mkojo, vijidudu, kazi ya hospitali. Mtu anayesema "maabara" anaweza kuwa anafikiria mojawapo ya maabara hizi mbili, na ni muhimu kumuuliza ipi.

Namna ya kumuuliza ina uzito. Mtoto anayesema "mtakavyo ninyi" hajakosa mawazo. Ameona kwamba kila jibu linamweka upande wa mkubwa mmoja dhidi ya mwingine, akaona kunyamaza ndiyo heshima iliyobaki. Kwa hiyo msimuulize mbele ya watu. Muulize wewe peke yako, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnachambua maharage au mnarudi sokoni, na usiulize "unataka kuwa nani". Uliza ni somo gani analolirudia usiku bila kutumwa. Uliza ni kazi gani aliyoiona kwa macho ikamvutia. Uliza nini kinamwogopesha katika Politekiniki, nini katika udaktari. Akijibu, usimsahihishe siku hiyo. Ngoja, umuulize tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa jibu la pili ndilo linalokuwa karibu na ukweli.

Kisha mpeleke akaone. Chagueni siku ya kazi, si Jumamosi, mwende Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu, mapema kama mwanafunzi angeenda, kwa gari lilelile na saa ileile. Aingie kwenye fakulte mbili au tatu, asome ratiba zilizobandikwa ukutani, aongee na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wa mwaka wa mwisho wamesahau. Awaulize walianza wangapi darasani na wamebaki wangapi, ni somo gani linalowaangusha, silabusi na kopi zinawagharimu kiasi gani kwa semesta, na maabara wanaingia kweli au wanaiona kwenye kitabu tu. Wewe kaa pembeni, mwache aulize mwenyewe. Siku nyingine aende ISTM afanye vilevile. Kama mtafikiria chuo cha binafsi, ombeni kuonyeshwa arete (hati ya amri) ya waziri inayokiruhusu kufundisha, na mhakikishe kwamba inataja somo lenyewe analotaka, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya sheria na uchumi halafu kikafungua mambo ya afya bila ruhusa. Mwisho wa hilo ni miaka mitatu na diploma ambayo hakuna ofisi inayoitambua.

Tuje kwenye miaka na pesa. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi yetu vimeingia mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari wa falsafa. Zamani kulikuwa na gradua, shahada ya kwanza, ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 juu yake, jumla 5. Sasa lisansi ni miaka 3, krediti (vipimo vya masomo aliyofaulu) 60 kila mwaka, jumla 180, na anayetaka masta anaongeza miaka 2. Kwa hiyo mjomba akisema "nitalipa mpaka lisansi", muulizeni kwa upole kama anafikiria miaka mitatu au mitano. Tofauti ni miaka miwili ya pesa, na imeshagombanisha ndugu waliokuwa wanapatana vizuri.

Wazazi wengi wanahesabu ada ya chuo tu, kisha wanashangaa Novemba. Ada hulipwa kwa transhi, yaani kwa awamu, benki, kwa jina la mwanafunzi. Hakikisheni bodero, ile stakabadhi ya benki, ina jina kamili na mwaka wa masomo sahihi, na mtoe kopi siku hiyohiyo kwa sababu wino wa karatasi zile unafutika. Kamwe msimpe mtu pesa mkononi akawalipie. Juu ya ada kuna kujiandikisha, kuna pesa ya kujiorodhesha kwa mitihani ya kila semesta, kuna silabusi, koti jeupe la maabara, megabaiti za simu, chakula cha mchana, na mwaka wa mwisho kuna staji (mazoezi ya kazini) na kazi ya kumaliza masomo, kuichapa na kuifunga.

Lakini kinachomeza pesa polepole ni njia. Kutoka Katuba hadi Kasapa, mtu akibadilisha gari mjini, ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mara 4 kwa siku, kwa siku 22 za mwezi, kwa miezi 9: safari 792. Chukua bei ya safari moja ya leo uzidishe, utaona kwamba si pesa ya mfukoni, ni kama ada ya pili. Ndiyo sababu inafaa kulinganisha na chumba cha kukaa na wasichana wengine karibu na chuo, au kwa ndugu mwenye nyumba upande ule, mkihesabu pia chakula na usalama wake jioni. Fanyeni hesabu hiyo kwa franga, kwa mwezi, siyo kwa mwaka, maana mfuko wa sokoni unajua mwezi. Kama mna likelemba, mchango wa kupokezana zamu, ombeni sasa zamu yenu iangukie mwezi wa transhi ya kwanza, karibu na Oktoba, na kama mnaweza kushika zamu mbili, ya pili iwe Februari au Machi. Ukienda kuomba Septemba, zamu hizo zitakuwa na wenyewe.

Kaka yako usimjibu kwa simu, wala baba wa mtoto asimjibu kabisa akiwa na hasira. Mjomba anayejitolea kulipa anastahili kushukuriwa kabla ya kupingwa. Mngojeni aje Lubumbashi, au tumeni mzee wa familia anayeheshimiwa na pande zote mbili. Siku hiyo msianze na "hataki Politekiniki". Anzeni na asante, kisha mwekeeni buletini mbele yake, alama za hesabu na za kemia, na mumwombe yeye, mtu anayeijua mine, aseme ni kazi zipi pale zinazofanywa na watu wa kemia. Mtu akiulizwa anachokijua hujibu kwa moyo. Binti aongee mwenyewe, kwa dakika chache, na karatasi yake ya mambo aliyoyaona chuoni. Halafu, kwa upole uleule, semeni habari ya pesa: ni kiasi gani kwa mwezi, kwa miaka mingapi, na itakuwaje kama kontrakti yake itakwisha, kwa sababu kazi za madini zinafuata bei ya shaba na kobalti. Mwambieni pia kwamba ninyi mtabeba sehemu fulani, hata ikiwa ni ya usafiri tu. Nyumba inayobeba kitu ina sauti katika uamuzi. Akisisitiza Politekiniki au hakuna pesa, bado mna njia. Ombeni mwezi mmoja wa kufikiri, na wakati huo mhesabu kama somo la bei nafuu zaidi mnaweza kulibeba bila yeye.

Kuhusu mtihani, machache. Hesabu ndiyo ya kushughulikia, iwe ataenda upande wowote. Jioni mbili kwa wiki na mwalimu wa hesabu au mwenzake anayeiweza zinatosha, akifanya aitemu (maswali ya mtihani) za miaka iliyopita kwa saa, kwa kuwa katika zile siku nne za mtihani wengi wanaojua wanaangushwa na muda. Nunueni taa ya sola, umeme unajulikana. Wiki za mwisho asitumwe sokoni wala asiachiwe wadogo zake usiku. Na kama mtu, awe nani, atawaomba franga za "kumsaidia kituoni" au za kununua majibu kwenye WhatsApp, kataeni. Mara nyingi majibu hayo ni ya uongo, na yakiwa ya kweli ni kesi. Pesa halali ya kushiriki mtihani inatangazwa wazi, na ina risiti.

Akipata 52, Mama, amepata diploma. Msimrudishe darasani. Asilimia hiyo inaweza kumfungia mlango wa udaktari, na inaweza kumlazimisha kufanya mtihani wa kuingia mahali pengine, lakini ISTM, agronomia, sayansi na ISP (chuo cha ualimu) zina masharti yao, nendeni mkayaulize sasa mkaandike kila chuo na kiwango chake kwenye daftari moja. Asilimia ya Exétat inatazamwa mlangoni. Akishamaliza mwaka wa kwanza, wanaangalia krediti alizopata mle ndani. Akipata chini ya 50, hapo ndipo kurudia kunapofaa, na daftari hilohilo litawangojea mwaka unaofuata bila gharama mpya. Kwa hiyo liandikeni vizuri, na jina lake kamili kwenye ganda, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.